Kivuli cha Herufi

Mimi ndiye ninayebadilisha majina.
Ubao uko mlango wa mashariki, nyuma ya kioo,
herufi nyeupe za plastiki, kila moja urefu wa kidole,
na ufunguo wake nimeuvaa shingoni tangu mwaka sabini na sita,
nilipokuwa bado na kiuno.

Kabla ya hapo palikuwa mahindi ya akina Hostetler.
Mzee aliuza shamba, akanunua nyumba Florida,
hakurudi hata kuegesha gari.
Wakamwaga lami. Nafasi za magari elfu tatu,
na siku ya ufunguzi hazikutosha:
watu waliacha magari kwenye nyasi za kanisa la Kilutheri
wakaja kwa miguu kuiona chemchemi
inayorusha maji hadi ghorofa ya pili.
Toledo nzima, ungedhani maji hawajawahi kuyaona.

Nikapanga:
HADLEY, viatu. KIMBALL, kamera.
RICCI, santuri, ambako vijana walisikiliza saa nzima
bila kununua, na Ricci akawaacha.
BRANDT, mavazi ya harusi, upande wa kusini, penye mwanga.
Doreen, dada yangu, alipimiwa shela mle,
Bi. Ottilie Brandt amebana pini mdomoni,
akisema kwa meno yaliyofumbwa: Usipumue.

Halafu barabara kuu mpya ikapita maili nne kaskazini,
na maji hufuata mkondo.
Hadley alifunga Jumanne moja, adhuhuri.
Ricci hakufunga, alififia:
santuri, kisha kanda, kisha fulana tupu,
kisha pazia la chuma.
Chemchemi ikazimwa kuokoa umeme.
Nilizihesabu mimi sarafu zilizobaki chini:
dola mia nne na kumi na moja,
na pete ambayo hakuna aliyeiulizia.

Jina likishushwa ukutani, halishuki lote.
Jua na moshi vimelizunguka miaka,
kwa hiyo linabaki pale, jeupe kuliko ukuta,
linasomeka hata kwa asiyelitafuta.
Meneja mpya alileta rangi, ndoo sita.
Mvua ya kwanza tu,
HADLEY akachungulia tena.

Wakaja wa kukadiria kodi, Januari hadi Aprili.
Wakaja wanajeshi wawili na meza, wakitafuta vijana
mahali pasipo tena na vijana.
Kanisa likahamia kwenye sinema, likaviacha viti.
Duka la mishumaa lilidumu wiki tano.

Sasa mle mwa Brandt, penye mwanga,
kuna viti kumi na viwili vya kuegemea
na mashine za kusafisha damu.
Doreen huenda Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Kiti chake kiko pale pale kilipokuwa kioo.
Nilimwuliza kama anakumbuka.
"Nesi naye huniambia nitulie," akasema.
"Ila huyu hana pini mdomoni."

Mwezi uliopita akaja Tulasi Adhikari,
mzaliwa wa kambi ya wakimbizi mashariki mwa Nepal,
akakodi mle mwa Hadley:
mchele, dengu, masufuria, kadi za simu.
Aliniandikia jina nyuma ya risiti.
Herufi hizi hazitengenezwi tena.
Nikafungua droo.

A ya Brandt, na D yake.
H ya Hadley, imerudi nyumbani.
I ya Ricci.
K ya Kimball, ilikuwa pekee, ina ufa.
A ya Kimball pia. R, Brandt tena.
I ya mwisho, ile nyingine ya Ricci.

Tulasi alisimama nyuma yangu, akasoma polepole.
"K imepinda."
Nikamwambia imepinda tangu sabini na sita,
na Kimball hakuwahi kulalamika.
Akaniletea chai kwenye kikombe cha karatasi,
ya moto mno, nikaishika kwa ncha za vidole
nikihesabu nafasi tupu kwenye ubao.
Thelathini na tisa.
Droo bado ina Z nne.
Hakuna aliyewahi kuzihitaji.